"Binti Yangu Marehemu": Kumfundisha Mama Mahali pa Kuweka Neno

Nilikuwa na miaka kumi na tatu siku nilipotangazwa kuwa nimekufa.

Asubuhi ile daladala za huku, ambazo tunaziita teksi, hazikuja. Nilifika shuleni saa nzima baada ya kengele, nikiwa na karatasi mkononi. Mama alikuwa ameiandika usiku uliopita, maana alishajua madereva wamegoma. Niliipeleka kwa dada wa mapokezi bila hata kuisoma. Mama alikuwa ameandika hivi: "Please forgive my late daughter, the taxi did not come."

Kama Kiingereza chako ndicho kikubwa kuliko Kiswahili chako, tayari unacheka. Kwa wengine nieleze: mama alitaka kusema "binti yangu aliyechelewa". Alichoandika ni "binti yangu marehemu". Na mimi marehemu mwenyewe nimesimama pale na begi mgongoni, natoka jasho.

Yule dada alicheka. Si kwa ubaya, nadhani. Halafu akamwita mwenzake, naye akacheka. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama: "Usiniandikie tena. Nitaandika mwenyewe, wewe utasaini tu." Akasema sawa. Na kweli, hakuandika tena Kiingereza kwa miaka mingi. Hakuandika kwa shule wala kwa mwenye nyumba. Kliniki alikwenda na mimi au na kaka. Kwenye mikutano ya wazazi alikaa nyuma, anatabasamu.

Kwenye kipindi cha wiki hii tuliongea kuhusu sisi tuliowatafsiria wazazi tangu utotoni. Sikuthubutu kusimulia hili mbele ya maikrofoni, kwa hiyo naliandika hapa. Kuna jambo nimelielewa hivi karibuni: kosa la mama lilikuwa dogo sana, na lilikuwa na sababu. Angalikuwepo mtu wa kumweleza hiyo sababu, asingenyamaza.

Jumamosi, saa nne, Bluff

Kwa ambao hamjafika Durban: Bluff ni kilima kirefu chembamba kilichojilaza kati ya bandari na bahari. Upande mmoja unaona winchi na meli za makontena, upande mwingine mawimbi ya Anstey's Beach na vijana wenye mbao za kuteleza. Mama alifika hapa kutoka Kigoma, na mimi nimekulia hapa.

Mwaka wa pili sasa nafundisha Kiingereza kila Jumamosi kwenye ukumbi mdogo nyuma ya kanisa. Wanakuja watu kumi, mara nyingine kumi na watano. Kuna akina mama wa Uvira na Bukavu, Warundi, Watanzania wachache. Wengine wanasuka nywele, wengine wanafanya kazi za ndani, wanaume kadhaa wanalinda magari kwenye maegesho ya maduka. Karibu wote ni wakubwa kwangu. Kwa hiyo naanza na shikamoo, nazunguka ukumbi mzima, ndipo nawapa zoezi. Wao wananiita mwalimu. Nimezoea, ingawa bado naona aibu kidogo.

Nilidhani tatizo lao litakuwa nyakati za vitenzi. Kumbe nyakati wanazikosea na watu wanawaelewa tu. Ukisema "yesterday I go", hakuna atakayepotea. Kinachowaletea matatizo ni vile vineno vidogo vinavyoeleza maneno mengine: vivumishi, vielezi, na vishazi vinavyofanya kazi hiyohiyo. Ukikosea mahali pa kuviweka, sentensi yako inabaki sahihi kabisa, ila inasema jambo lingine. Na msikilizaji hajui kwamba umekosea. Anaamini ulichosema.

Sare ya shule

Mfano huu ndio uliofungua macho darasani. Soma sentensi hizi mbili kwa sauti:

*Viatu vya watoto vipya.*
*Viatu vya watoto wapya.*

Maneno ni yaleyale na mpangilio ni uleule. Lakini kila Mswahili anajua kwamba kwenye ya kwanza viatu ndivyo vipya, na kwenye ya pili watoto ndio wapya. Anajuaje? Kwa silabi moja tu: *vi-* au *wa-*.

Niliwaambia: kivumishi cha Kiswahili kinavaa sare. Kama ni cha viatu, kinavaa *vi-*. Kama ni cha watoto, kinavaa *wa-*. Hata akisimama mbali na wenzake, unamwona tu na kujua ni mwanafunzi wa shule gani. Kivumishi cha Kiingereza hakina sare. "New" ni "new" kwa kiatu, kwa mtoto, kwa nyumba, kwa serikali. Kitu pekee kinachokuonyesha ni cha nani ni pale kiliposimama. "The children's new shoes": viatu ndivyo vipya. "The new children's shoes": hapo hata Mwingereza mwenyewe atasita kidogo.

Mama mmoja wa Uvira akasema, "Kumbe Kiingereza ni kama foleni ya benki. Ukitoka kwenye nafasi yako, umepoteza zamu." Tangu siku hiyo tunaiita kanuni ya foleni.

Sasa geuza upande wa pili. Sisi tuliokulia Kiingereza, makosa yetu ya Kiswahili yako hapohapo, kinyume chake. Nafasi tunaipata, sare tunaisahau. "Nyumba mzuri." "Kitabu yangu." "Viti mbili." Si ndiyo? Ubongo wetu umezoea lugha ambayo vivumishi vyake havivai kitu. Wazazi wetu ubongo wao umezoea lugha ambayo sare inawalinda, kwa hiyo hawaoni haraka ya kusimama mahali pamoja.

Kitu kwanza, sifa baadaye

Tulianza na lililo jepesi. Kiswahili kinataja kitu kwanza, ndipo sifa zake: *viatu vyangu viwili vyeusi*. Kiingereza kinapanga sifa zote, kitu kinakuja mwisho: "my two black shoes". Waliosoma Kifaransa kule Kongo wana mzigo zaidi, maana Kifaransa nacho mara nyingi kinaweka sifa nyuma. Lugha mbili zimeshawaambia kitu kwanza, halafu inakuja ya tatu inapinga.

Sikuwapa jedwali. Nilimwaga mfuko wa vitu mezani: ndoo, kitenge, kijiko, simu mbovu. Kila mtu anachukua kimoja, anakieleza kwa Kiswahili, kisha anasimamisha wenzake kama maneno. Mmoja ni "bucket", anasimama mwisho. "Plastic" anamkaribia kabisa, kisha "blue", kisha "big", na "nice" anakuja mbele. "A nice big blue plastic bucket." Kadiri sifa ilivyo ya asili ya kitu chenyewe, ndivyo inavyokaa karibu nacho. Maoni yako binafsi yanakaa mbali. Baada ya nusu saa walikuwa wanasukumana na kucheka, na mpangilio umeingia.

Neno lililomgharimu dada mshahara

Hapa sasa kicheko kikaisha.

Dada mmoja wa darasa letu anafanya usafi kwenye nyumba moja. Kwa kawaida wanafanya kazi wawili, siku tano. Wiki moja mwenzake hakuja Ijumaa, akafanya peke yake. Mwisho wa wiki mwajiri akamuuliza imekuwaje. Yeye akajibu: "I worked only Friday."

Alitaka kusema *nilifanya kazi peke yangu Ijumaa*. Mwajiri akasikia kwamba amefanya kazi Ijumaa tu. Akalipwa siku moja. Dada akaona ameibiwa, mwajiri akaona anadanganywa, na ilichukua wiki mbili na mtu wa kati kulimaliza. Hakuna aliyekuwa mwongo kati yao.

Angalia chanzo. Kiswahili kina *peke yangu*, *pekee* na *tu*, maneno yanayokaribiana sana. *Mtoto wa pekee*, *nilikuwa peke yangu*, *Ijumaa pekee*. Ni rahisi kuyatafsiri yote kama "only". Lakini kwa Kiingereza "alone" ni bila mtu mwingine, na "only" ni *tu*.

Halafu "only" yenyewe inatembea. Tuliandika ubaoni:

"Only I cleaned the kitchen." *Mimi tu ndiye niliyesafisha jiko.*
"I only cleaned the kitchen." *Nilisafisha tu jiko*, yaani sikupika wala sikuvunja kitu.
"I cleaned only the kitchen." *Nilisafisha jiko tu*, vyumba sikugusa.

Kanuni niliyowapa: *tu* ya Kiswahili inakaa nyuma ya neno lake, "only" inakaa mbele ya neno lake. Kweli, watu wa hapa wanapoongea wanaiweka popote na kutegemea mkazo wa sauti. Lakini ukiandika, au ukiongea kuhusu pesa, iweke ubavuni kabisa mwa neno unalolimaanisha.

Ndugu mmoja mlinzi wa magari naye akatuambia lake. Kwenye usaili wa kazi aliulizwa yeye ni mfanyakazi wa namna gani. Alijibu kwa kujiamini: "I work hardly." Alikuwa amejifunza kwamba ukitaka kielezi unaongeza "-ly". "Slow", "slowly". "Quick", "quickly". Kwa hiyo "hard", "hardly". Ni mantiki safi kabisa. Ila "hardly" maana yake ni *kwa shida sana, karibu hakuna*. Alimwambia bosi kwamba hafanyi kazi. Kazi hakupata. Hatujui kama ndiyo sababu, lakini yeye anaamini hivyo, na bado inamuuma.

Mbwa alikuwa anatoka sokoni

Kosa lingine ni la sentensi ndefu. Mama mmoja aliumwa na mbwa, akaenda kliniki, akaeleza: "Coming from the market, the dog bit me." Nesi akauliza mbwa gani huyo anayekaa sokoni, ni wa nani, amechanjwa? Hapa KwaZulu-Natal kichaa cha mbwa si mzaha, kwa hiyo ni swali zito. Yule mama hakuelewa kwa nini anaulizwa habari za soko. Mbwa alikuwa wa jirani.

Kwa Kiswahili angesema *nilipokuwa natoka sokoni, mbwa aliniuma*. Ona ile *ni-* mwanzoni mwa *nilipokuwa*. Kitenzi chetu kinabeba mwenyewe. Huwezi kupotea, hata ukikiweka mwanzo au mwisho. "Coming" haibebi mtu. Imekuja mikono mitupu, kwa hiyo inashika mtu wa kwanza inayekutana naye baada ya koma. Wa kwanza alikuwa mbwa.

Dawa ninayowapa ni rahisi: ukiona umeanza na "-ing", jiulize *nani?* Jina la huyo nani liwe neno la kwanza baada ya koma. Ukishindwa, rudisha *ni-* yako: "When I was coming from the market". Ni ndefu zaidi, lakini iko salama.

Mahali Kiswahili kinapokusaidia

Nisije nikawafanya mdhani lugha ya mama ni kikwazo tu. Kuna sehemu ambayo Mswahili anawashinda wanafunzi wengine wengi, na wala hajui.

Wanafunzi wengi duniani wanachanganya "bored" na "boring", "tired" na "tiring". Wanasema "I am boring", yaani *nachosha watu*. Darasa langu nalo lilikuwa hivyo hadi nilipoandika ubaoni:

*choka, chosha*
*furahi, furahisha*
*shangaa, shangaza*
*ogopa, ogopesha*

Nikauliza: kazi inachoka au inachosha? Wote: inachosha! Na wewe? Nimechoka! Basi: chenye *-sha* au *-za*, kinachosababisha, ni "-ing". "The work is tiring." Anayepatwa na hali ni "-ed". "I am tired." Ilichukua dakika kumi. Tofauti ambayo vitabu vinaieleza kurasa nzima, wao walikuwa nayo tayari tangu wanyonye.

Jaribu hii na mama yako. Usimwambie "hapana, ni bored". Muulize, "Unachoka au unachosha?" Atacheka, na hatakosea tena.

"Just now" si sasa hivi

Kiingereza cha hapa nacho kina mambo yake ambayo hayamo kwenye vitabu. Ukiambiwa "just now" Durban, maana yake ni baadaye: labda saa moja, labda kesho. "Now now" ndiyo iliyo karibu na *sasa hivi*, na hata hiyo usiishikilie sana. Mzee mmoja wa darasani aliambiwa "the manager will see you just now". Akasimama mlangoni saa tatu, hata chooni hakwenda, akihofia kuitwa na kukosekana.

Na "late" ile iliyoniua mimi? Kabla ya jina, "my late father", ni marehemu. Baada ya "is", kitabu kinasema ni kuchelewa tu. Lakini Afrika Kusini watu wanasema "my father is late" wakimaanisha amefariki. Kwa hiyo nawafundisha waongeze mkia: "late for school", "late for work". Ukiweka mkia, hakuna msiba.

Waliobandikwa neno

Kuna siku mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini tunahangaika hivi na neno moja. Niliwaambia waangalie nje ya dirisha, upande wa King's Rest.

Mwaka 1873 meli ya Waingereza ilishusha bandarini Durban kundi la kwanza la watu waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa, zaidi ya mia moja. Wengine wakafuata hadi 1880. Wengi wao walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, lakini kwa kuwa walipitishwa Unguja, wakaitwa Wazanzibari. Walipewa mikataba ya kazi, na baadaye wengi wakaishi hapahapa Bluff, King's Rest, kwenye ardhi ambayo wadhamini wa msikiti wa Grey Street waliinunua mwaka 1899. Kimakua na Kiswahili vilisikika kwenye kilima hiki kabla mama yangu hajazaliwa.

Serikali ya ubaguzi ilipoanza kumpanga kila mtu kwa rangi, haikujua iwaweke wapi. Mwishowe iliwaandika "Other Asiatic", *Waasia wengine*. Waafrika, tena wa pwani yetu. Na kwa neno hilo, mwanzoni mwa miaka ya 1960 waliondolewa Bluff na kupelekwa Chatsworth, mtaa uliotengwa kwa Wahindi, ambako wajukuu zao wako hadi leo.

Maneno mawili ya kueleza, yakaandikwa na mtu mwingine, ndiyo yaliyoamua familia ilale wapi. Darasa lilinyamaza. Karibu wote waliokuwepo wana karatasi mfukoni yenye neno linalowaeleza: mkimbizi, mwombaji, wa muda. Nikawaambia kwamba ndiyo maana nataka mjue kujieleza wenyewe, kwa maneno yenu, na kila neno likae panapostahili.

Ujumbe wa mwisho

Mwezi uliopita babu wa Kigoma alikuwa mgonjwa. Alinitumia ujumbe wa sauti, nikausikiliza mara tatu, nikamjibu kwa Kiswahili changu bora kabisa: "Shikamoo babu. Nimesikiliza ujumbe wako wa mwisho, umenifurahisha sana."

Nilikuwa natafsiri "your last message" kichwani. Dakika tano haikupita, simu zikaanza. Shangazi mkubwa, shangazi mdogo, binamu. Babu amekuaga? Amekwambia nini? Mama alikuja chumbani kwangu amevaa khanga moja, macho yamemtoka.

Halafu ukaja ujumbe wa babu mwenyewe, sauti imekauka lakini anacheka: "Wa mwisho? Mbona unaniharakisha, mjukuu wangu? Sema *ulionitumia juzi*. Haya, sema tena."

Nikasema tena. Basi. Hakuna aliyeniambia niache kuongea na babu. Hakuna aliyesema kuanzia leo mama atakuwa ananisemea.

Usiku ule nilikaa na mama jikoni nikamkumbusha ile karatasi ya shule. Nilidhani amesahau. Akaitamka yote, neno kwa neno. Nikamwomba radhi, nikamweleza habari za sare na foleni. Akanisikiliza, akasema, "Kumbe ni hilo tu?"

Jumamosi iliyofuata alikuja darasani na ndoo ya maandazi, akakaa mstari wa mbele. Zoezi la kuandika lilikuwa kueleza mtu unayemjua. Daftari lake ninalo hapa. Ameandika: "My daughter, who was late for school, is now my teacher."

Koma zote ameziweka mwenyewe.